Jembe la Posa Halirudishwi kwa Basi

Kasiani,

Wewe ni mjinga. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu salamu zinalainisha maneno, na hili sitaki lilainike. Mtu mzima mwenye mvi, mwenye mke wa ndoa ya kanisani, unachukua jembe la posa ya binti yako, jembe lililokwisha kulala ndani ya nyumba yako, unalifunga kwenye gunia la mbolea na kumkabidhi kondakta wa basi la Muze kama mtu anayemtumia shangazi yake kuku. Hukutuma mtu. Hukutuma neno. Umetuma gunia. Nani alikulea? Mimi nilikulea, na sikukulea hivyo.

Sasa salamu. Tumsifu Yesu Kristo. Jibu kwa sauti hapo ulipo, mkeo Editruda asikie, maana siku hizi sijui kama bado unajibu. Mimi ni mzima. Magoti yananung'unikia ngazi za nyumba hii, mgongo ni ule ule uliouzoea, na macho bado yanaona kuliko ya watu wenye miwani, kama utakavyosoma. Ninyi mko salama? Mahindi mmeyaingiza, au bado yamesimama shambani yanangoja nguruwe? Ulezi umepigwa? Na hiyo baridi ya mwezi wa sita imewakuta na kuni, au mkeo anachomoa vijiti vya uzio kama mwaka jana? Huku baridi hakuna. Huku natoka jasho nimekaa, natoka jasho nimelala, hata rozari inateleza mkononi.

Pacha wa Oliva wamenenepa. Inosenti ananyonya kama ndama, Inviolata analia kama mwenye kesi. Dada yako mwenyewe amepata nguvu, anasimama jikoni. Nilikuja kumlea uzazi nikidhani nitampikia uji wa ulezi. Uji upo, lakini unga wake unauzwa kwenye pakiti, umechanganywa na soya, karanga, mchele na dagaa mpaka ulezi wenyewe umejificha. Nikamwambia Oliva huu si uji, huu ni mkutano.

Anayekuletea barua hii ni mume wake, mkwe wetu. Mpe kiti, mpe maji. Chakula kisubiri umalize kusoma. Bahasha nimeibandika kwa ugali, maana yule hawezi kukutana na karatasi yenye maneno ikapita bila kuelezwa. Ukikuta imefunguliwa, jua ni yeye. Naandika kwa mkono wangu huu wa darasa la nne la masista, usicheke herufi. Simu yako umeizima, na hata ungekuwa umeiwasha nisingekutumia sauti. Katika nyumba hii sauti ya mtu haikai salama. Utaona kwa nini.

Kwanza nikueleze kazi ya mkwe wetu. Tulipomwoza Oliva tuliambiwa ni mwalimu wa chuo kikuu, tukapiga vigelegele bila kuuliza anafundisha nini. Anafundisha nyimbo. Si kuimba, angefundisha kuimba ningenyamaza. Anafundisha nyimbo zilizokwisha kuimbwa na watu wengine zinasema nini. Mtu ameimba, watu wamesikia, wamecheza, wamekwenda kulala. Asubuhi yeye anavaa viatu anakwenda kuwaambia vijana wenye ndevu kwamba walichosikia sicho. Wanaandika. Wanafanya mtihani. Anayesema alisikia tu wimbo anafeli.

Baba yake ni wa Mwimbi, Mfipa kama sisi, lakini yeye alizaliwa na kukulia Dodoma mjini, na Ufipa anaujua kwa kuusoma. Tuta ameliona kwenye picha. Adabu anayo, siwezi kumnyima. Mimi mama mkwe simtaji jina, naye hanitazami usoni. Hatukai sebule moja wala meza moja. Akitaka kupita koridoni anakohoa kwanza, nami navuta mlango. Nikiwa na neno namwambia Oliva, Oliva anamwambia yeye, hata kama sote tunasikiana. Ndivyo tulivyoishi tangu nifike, na tulikuwa tunaishi vizuri.

Wimbo wa binti yako Zenobia unaujua. Usiniambie huujui, unapigwa kwenye kila bodaboda ya Sumbawanga. Anajiita Zeno B. Nilimwuliza herufi nyingine amezipeleka wapi, akacheka. Wimbo wenyewe mimi siupendi. Ngoma yake inagonga kama mlevi anayetwanga, na katikati anaingia kijana mmoja kusema ye ye ye bila kuulizwa. Lakini maneno nimeyashika, kwa sababu yanaimbwa polepole:

Nifukie, baba, nifukie na nyasi zangu,
zioze chini yako mvua ikija,
jembe lako litanifungua mwakani,
niwe ulezi mkononi mwako.

Basi. Mtoto yeyote wa kwetu anajua hapo wanaongelea ntumba, tuta letu la nyasi. Unapindua udongo na nyasi zake, unazifunika zikiwa mbichi, zinaoza, unapanda maharage juu, na mwaka ukigeuka unalibomoa tuta unamwaga ulezi. Umefanya hivyo tangu ukiwa na meno ya maziwa. Mikono yako ina sugu za kazi hiyo. Na wewe ndiye uliyekwenda kuamini vingine, kwa sababu ya redio. Nitakufikia. Ngoja.

Jumapili moja baada ya misa walikuja wageni wawili wa mkwe, wenzake wa kazi. Mmoja mwanamke wa miwani mikubwa, mmoja mwanamume wa ndevu zilizochongwa. Walikuwa wanajiandaa kwa kipindi cha redio. Mimi nilikuwa chumbani na pacha, pazia tu kati yetu, mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya feni. Nikasikia wanauweka wimbo wa Zenobia, wanausimamisha, wanaurudisha, kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani.

Yule wa ndevu akasema tuta ni nchi na nyasi ni wananchi, na mvua ni misaada ya nje. Yule wa miwani akasema hapana, tuta ni tumbo la uzazi, na jembe, mwanangu, jembe alisema ni kitu ambacho mimi mama yako siwezi kukuandikia. Alisema kwa sauti ya kawaida, mchana, watoto wachanga wakiwa upande wa pili wa pazia, na mkononi ana kipande cha keki. Mkwe akasema wote wana haki, lakini yeye anaona zaidi: baba ndiye mwenye jembe, baba ndiye mfukiaji, na binti anaomba afukiwe kwa sababu amezoeshwa kuona kuzikwa ni mapenzi. Wakasema aah. Wakaandika.

Nikajiuliza, hawa si wana simu? Zenobia yuko Sinza hapo, mwendo wa bodaboda moja. Kwa mkwe ni mtoto wa shemeji yake. Anakuja hapa kufua nepi. Kwa nini hawamwulizi? Oliva akanijibu kwa kunong'ona kwamba kwao haifai kumwuliza mwimbaji. Wimbo ukishatoka, mwimbaji ni kama amekufa, hana neno tena. Nikasema amekufa vipi, juzi amekula chipsi zangu. Oliva akaniziba mdomo kwa mkono.

Nikamtuma. Nikamwambia nenda kawaambie hao, mama anasema ni tuta. Linafukiwa nyasi, hafukiwi mtu. Na anayefukia hafukii kwa chuki, anafukia apate kula mwakani. Oliva akaenda akawaambia vizuri tu. Unajua walifanya nini? Walifurahi. Yule wa miwani alifurahi mpaka akapiga makofi. Akasema huo ni usomaji wa mama wa kijijini, usomaji mzuri sana wa asili, lazima waukaribishe pamoja na usomaji wao. Kama vile mimi nimeleta chungu cha maharage kwenye sherehe yao. Nikasema kimoyomoyo, haya, mmekaribisha, nendeni zenu. Nikadhani limeisha.

Jumatano jioni mkwe akaenda redioni. Mimi na Oliva tulikuwa jikoni, redio iko juu ya friji. Akazungumza muda mrefu kwa ile sauti yake ya kuombea mvua, halafu akasema maneno haya, nimeyashika kama kanuni ya imani: "Baba katika wimbo huu anamfukia binti yake akiwa hai ili shamba lake lizae. Na si mimi ninayesema hivyo. Mzee wa jamii hiyo hiyo ya Wafipa, mama aliyelima matuta hayo maisha yake yote, amenithibitishia kwamba kufukiwa kupo, na kwamba anayefukia anafanya hivyo apate kula."

Kasiani, kila neno langu lilikuwemo. Na halikuwa langu.

Kwa hiyo hilo ndilo la kwanza unalotakiwa kujua, na ulijue kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine. Sikukushtaki. Sijasema popote, mbele ya mtu yeyote, kwamba ulimzika mtoto wako. Nilisema habari ya nyasi.

Yaliyokupata nimeyapata kwa Editruda, aliyempigia Oliva simu analia. Kwamba ulikuwa Sumbawanga mjini, dukani kwa Mzee Salumu, umepeleka mahindi yaonwe, na redio ya dukani ilikuwa wazi. Kwamba wale wanaoshinda wamekaa juu ya magunia walicheka, na mmoja akasema, kumbe Kasiani unapanda watoto, ndiyo maana ghala lako halipungui. Kwamba Mzee Salumu aliwakemea akazima redio, mwenyewe alikuonea aibu. Na wewe ukaacha mahindi ukarudi nyumbani, hukula, ukalitoa jembe uvunguni.

Halafu mambo yakazaa mambo. Kuna mhubiri mmoja naye ana kipindi, akadaka hapo hapo: kufukiwa, Sumbawanga, ulezi, basi ni kafara, binti ametolewa kafara apate umaarufu. Huku mtu akisikia Sumbawanga hasikii kitu kingine ila uchawi. Jirani wa ukuta huu aliponiuliza natoka wapi nikamwambia, kesho yake alihamisha kamba yake ya nguo. Nami nikamwambia, mama, kama ningekuwa na uwezo huo unaoufikiria, ningeanza na magoti yangu.

Lakini hao ni wageni. Wageni ni wajinga kwa haki yao. Wewe una udhuru gani? Mtu aliyezaliwa Dodoma anakueleza tuta kwa redio, na wewe mwenye tuta unamwamini. Nitakuambia kwa nini ulimwamini. Siku Zenobia alipoacha kwaya ya parokia akaja huku kuimba nyimbo za dunia, ulisimama kwenye sherehe ya mavuno, mbele ya katekista na watu wote, ukasema huna binti anayekata viuno, na asikanyage kwako. Kisha ukakaa na neno hilo miaka yote. Redio iliposema baba amemfukia binti, hukusikia wimbo, ulijisikia mwenyewe pale kwenye sherehe. Mkwe alirusha jiwe gizani, likakupata kwa sababu ulikuwa umesimama pale pale.

Ndiyo maana jembe lile lilikuwa jema. Yusto, kijana anayemtaka, ni mtu wa Muze, fundi magari hapa Tegeta. Ana mikono michafu na mdomo msafi, mimi nimempenda. Angeweza kumchukua Zenobia kimya kimya kama wanavyofanya huku. Hakufanya. Alituma kwao, wakamweka Mzee Kalisto kuwa mshenga, mzee wa watu akapanda mlima kutoka bondeni na jembe begani mpaka mlangoni pako. Na wewe ulilipokea. Ukaliweka ndani, ukasema jibu watalipata mavuno yakiingia. Zenobia aliposikia kwamba baba amelipokea alipiga magoti hapa kwenye sakafu ya jikoni. Miaka yote hiyo ndiyo mara ya kwanza ulikubali kwamba una binti wa kuposwa.

Na lile jembe Mzee Kalisto amelipokea stendi ya Muze, mbele ya wauza samaki, akiitwa na kondakta, "Mzee, mzigo wako kutoka juu." Akafungua gunia hadharani akidhani ni mbegu. Alimpigia Yusto, Yusto akamwambia Zenobia, Zenobia akaja kwangu Jumanne asubuhi na nywele zake za rangi ya sufuria mpya.

Hakulia. Ningependa angelia. Alikaa mbele ya beseni akaanza kufua nepi za pacha na zile kucha zake ndefu, nikawa naogopa atazichana. Nikamwacha. Zilipobaki chache nikamwuliza, na ninakuandikia nilivyouliza na alivyojibu, nisipunguze wala nisiongeze.

"Zenobia, ule wimbo ni wa baba yako?"

"Wa baba, bibi."

"Wa kumsema?"

Akakamua nepi. "Nilianza kwa kumsema. Nilikuwa na hasira, nilitaka watu wote wamjue. Nikafika kwenye nyasi, nikashindwa."

"Ukashindwa nini?"

"Nilimkumbuka anapindua udongo, mimi nakanyaga nyasi nyuma yake. Alikuwa ananiambia nikanyage kwa kisigino. Basi nikaendelea hivyo hivyo. Ubeti wa kwanza una hasira, wa pili hauna. Wa tatu nilijazia tu, mpiga ngoma alikuwa ananiharakisha."

Ndiyo hivyo, Kasiani. Nilitaka aniambie hakukuwaza hata kidogo, nikuandikie hivyo, ukalale. Hakuniambia hivyo, na mimi sikudanganyi. Hasira ipo. Umestahili. Na kisigino kipo pia. Vyote viwili ni vyako, wewe ukachukua kimoja ukakifunga kwenye gunia.

Nikamwuliza, sasa itakuwaje na Yusto. Akasema asipopokelewa na baba haolewi. Yusto yuko tayari kwenda bomani, yeye hataki. "Siolewi kama kitu kilichookotwa," akasema, akaanika nepi, akaondoka kwenda kazini kwake kurukaruka. Yusto naye ana wazazi, na wazazi wake wamekwisha kumwambia watu wa juu hawana adabu, atafute kwingine. Wako sawa. Ningekuwa Muze ningesema hivyo hivyo. Wamempa mpaka mwisho wa mavuno. Baada ya hapo wanapeleka jembe mlango mwingine, na binti yako atazeekea Sinza akiwaimbia walevi, na hapo ndipo utakuwa umemfukia kweli, bila msaada wa profesa.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mama yangu angenipiga. Mkwe alikuwa sebuleni anasoma. Sikumtuma Oliva. Niliingia mwenyewe, bila kubisha, na Inviolata mgongoni. Alipoona kanga yangu alisimama, akageukia ukuta kama inavyotakiwa. Oliva akapiga ukelele jikoni, mama unafanya nini. Nikamwambia nyamaza, nafanya kazi yako. Nikazungumza na mgongo wa mkwe wangu, naye akanijibu akitazama saa ya ukutani.

Nikamwambia, umechukua neno langu kwa Oliva, ukalivua nguo, ukalipeleka redioni. Kwa neno hilo mwanangu amerudisha jembe.

Naye akasema, kwa adabu kabisa, "Mama, baba wa kwenye wimbo si shemeji Kasiani. Ni baba kama wazo."

"Kasiani hakurudisha jembe kama wazo," nikamwambia. "Amelirudisha lenyewe, na mpini wake."

Hapo nisimwonee. Nimewaona watu wengi wenye elimu wakishindwa wanavyotafuta mlango wa nyuma, yeye hakutafuta. Alisema amekosa. Alisema hakufikiri kwamba huko kwetu kuna mtu anasikiliza. Fikiria hilo, Kasiani. Amezungumza habari zetu kwenye redio inayofika nchi nzima, na hakufikiri kwamba tunasikia. Wanatusoma kama watu waliokwisha kufa. Nikamwambia hivyo pia.

Akasema atarudi redioni wiki ijayo asahihishe, atayaweka maneno yangu katika muktadha wake. Nikamwambia ukithubutu. Ukisahihisha utaongeza. Watakuja wa miwani na wa ndevu kusahihisha masahihisho yako, na mwanangu atarudisha hata mlango wa nyumba. Kitu kilichoharibiwa kwa kusema hakitengenezwi kwa kusema tena. Nikamwuliza, mkwe akiwa ukweni ana kazi gani? Akasema, bado anatazama saa, kazi ya mkwe ni kuchota maji, kupasua kuni, kuchinja na kubeba. Nikasema vizuri, hilo umelisoma sawasawa, halina tafsiri. Panda basi.

Oliva aliona aibu, akasema nimevunja heshima ya nyumba yake. Nikamwambia heshima ni pazia, na nyumba ikiungua mtu hapiti akikunja pazia. Jioni mkwe alinitumia kitenge kwa mkono wake Oliva, cha kufuta kosa la kuonana. Nimekipokea. Rangi ni mbaya lakini kitambaa ni kizito. Sasa tumerudi kwenye kukohoa koridoni na mambo yako shwari.

Na hivyo ndivyo alivyofika kwako. Najua unamtazama sasa hivi kwa jicho lile. Usimpige. Usimwulize maana ya chochote, atakujibu mpaka kesho. Nimemkataza kuutaja wimbo akiwa upande wa huko wa Mbeya, na ameapa kwa pacha wake. Akisahau, mkumbushe kiapo.

Sasa sikiliza la kufanya, na usilete habari ya kufikiria kwanza, umekwisha kufikiria na tumeona matunda yake. Jembe lililorudishwa na mwenye nyumba halirudi kwa miguu yake, wala haliletwi tena na mshenga kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyelirudisha ndiye anayelifuata. Hiyo si sheria yangu, uliikuta, baba yako aliikuta. Unateremka mwenyewe Muze, unakwenda na pombe ya ulezi na mtu wa kuibeba, unakaa chini nje ya mlango wa Mzee Kalisto mpaka atoke. Hutetei neno. Husemi habari ya redio, yeye redio haimhusu, yeye ameaibishwa mbele ya wauza samaki. Unasema, "Nilikosa, naomba jembe la mwanangu." Akikutukana, pokea. Akikuweka juani, kaa juani. Watu wa bondeni jua lao ni kali lakini halijamuua Mfipa. Akikubali, mwache aseme siku ya kulileta, naye atalileta mwenyewe kwa heshima, mlangoni, ukiwa umevaa koti.

Hiyo harufu unayoisikia jikoni kwako tangu juzi si ya sikukuu. Nimemwambia Editruda kwa simu ya Oliva apike pombe, na nikamwambia asikwambie. Usimgombeze. Amenitii mimi, na wewe ungekuwa unanitii tusingefika hapa.

Msalimie Editruda, mke wako, mwambie nimesema ndiye mwanamume wa nyumba hiyo mpaka hapo utakapoteremka. Msalimie dada yangu Veneranda, msemee kwenye sikio la kulia, la kushoto limekwisha. Msalimie katekista aliyekusikia ukisema huna binti. Mwambie akusikie na siku utakaposema unaye. Mama Felista, jirani anayeniangalizia kuku, mwambie nawajua wote kwa sura. Mzee Salumu wa dukani mpe mkono wangu, amekuonyesha utu kuliko ndugu zako wa kwenye magunia. Oliva anakusalimia, bado amenuna kidogo. Pacha hawajui bado kama una kosa.

Mimi narudi watoto wakianza kukaa. Nikifika nitataka kusikia kwa Kalisto, si kwako.

Ni mimi mama yako uliyenitoka tumboni kwa shida, na bado unanipa shida,

Apolonia

Umemaliza kusoma. Simama, Kasiani. Mtwishe mkwe hiyo ndoo ya pombe, yeye na elimu yake, na mteremke.